Miguu inachemsha maji lakini hauendi mbele

Ndugu wa Goma, unasema ukishika ubao wa kuogelea na kupiga mateke, mita 25 zinakuchukua dakika nzima na mapaja yanawaka. Shida yako si nguvu. Anayekimbia au kucheza mpira sana mara nyingi huwa na vifundo vya miguu vigumu: unyayo unabaki umesimama kama jembe, na kila teke linasukuma maji upande usiofaa. Wengine hata hurudi nyuma.

Anzia nyumbani. Piga magoti juu ya mkeka, kalia visigino, vidole vikiwa vimelala nyuma, sekunde 30 mara nne kila siku. Goti likiuma, acha.

Majini, teke lianzie kwenye nyonga. Goti lilegee kidogo tu. Ukilikunja kama anayekanyaga baiskeli, paja linageuka breki. Vidole gumba vya miguu vikaribie kugusana, na mguu wa juu na wa chini viachane sentimita 30 hivi.

Zoezi linalorekebisha haraka ni la wima: kwenye maji ya kina, mwili umesimama, mikono kifuani, piga mateke sekunde 20, pumzika 20, mara sita. Ukikunja goti kupita kiasi unazama hapo hapo, na mwili unaelewa. Ukiwa Ziwa Kivu, uwe na mwenzako na boya, na tafadhali usishuke kamwe kwenye ufuko wenye mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayojikusanya mabondeni na kuua.

Ubao uupunguze, maana unainua kichwa na nyonga zinashuka. Badala yake, lala ubavu majini, mkono mmoja mbele, piga mateke mita 25 mara nne.