Maswali ya wasomaji: bendera ukutani, jiko lenye kiuno na mstari wa manjano

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru, Kisumu na kwingine magharibi. Tulizisoma pamoja tukaona zinazunguka jambo moja: vitu tunavyovishika, kuvivaa na kuvipanda kila siku huwaje vya Kenya, na kwa nini vingine hukataa kuwa. Tumechagua tano.

Tunataka kuchora bendera ya taifa kwenye ukuta wa nje wa bwalo la shule. Iliyokuwepo ilichorwa kwa makadirio, rangi zikaingiliana, na sasa ile nyekundu imepauka kabisa. Vipimo halisi ni vipi, na tufanyeje yasitupate tena?
*Mwalimu wa gredi ya 5, Lanet, Nakuru*

Mwalimu, anza na hesabu, rangi itakuja baadaye. Bendera yetu ina uwiano wa 2 kwa 3, yaani kimo mbili na urefu tatu. Kimo hicho hugawanywa sehemu 20: nyeusi 6, nyeupe 1, nyekundu 6, nyeupe 1, kijani 6. Ukuta ukiruhusu kimo cha sentimita 120, urefu utakuwa 180 na kila sehemu sentimita 6. Basi mikanda mikubwa ni sentimita 36 kila mmoja, na myeupe ni 6. Kama nafasi ni sentimita 90 tu, sehemu moja ni 4.5 na urefu ni 135. Waachie wanafunzi wapige hesabu hiyo wenyewe. Ni somo la uwiano lisilohitaji kitabu.

Kosa tunaloliona zaidi kwenye kuta za shule na ofisi za machifu ni mistari myeupe kuachwa au kunenepeshwa. Bendera hii, iliyopandishwa 12 Desemba 1963, ilitokana na ya chama cha KANU ya nyeusi, nyekundu na kijani. Nyeupe iliongezwa kuashiria amani, lakini ina kazi ya macho pia. Nyeusi na nyekundu zikigusana, mtu aliye mbali huona doa moja zito. Uzi mweupe ndio unaozitenga.

Ukuta ukiwa na plasta mpya, subiri kama wiki nne ukauke, la sivyo chokaa na unyevu vitaitafuna rangi ya mafuta kutoka ndani. Ukuta wa zamani ukwanguliwe rangi iliyolegea, uzibwe nyufa kwa fila, upigwe msasa na kupakwa andakoti, yaani rangi ya msingi. Kisha paka eneo lote la bendera rangi nyeupe, mikono miwili, yaani tabaka mbili. Pima kwa pima maji, chora mistari kwa penseli, halafu funika ile mikanda miwili ya sentimita 6 kwa masking tepu. Tepu pana ya dukani huwa na milimita 48 hivi, kwa hiyo utahitaji vipande viwili vinavyopandana. Shika ukingo wa nje wa kila kimoja kwenye mstari wa penseli.

Hapa ndipo rangi zenu ziliingiliana: plasta ina vishimo, na rangi hupenya chini ya tepu. Baada ya kuibana tepu kwa kitambaa, pitisha brashi yenye rangi nyeupe kidogo juu ya kingo zake na uache ikauke. Nyeupe hiyo itaziba vishimo, na rangi itakayofuata haitapata njia. Paka nyeusi, nyekundu na kijani, mikono miwili myepesi badala ya mmoja mzito, na ubandue tepu mkono wa mwisho ungali unanata kidogo, ukiivuta kwa mshazari. Ukingoja ikauke kabisa, itaondoka na vipande vya rangi.

Kuhusu ngao na mikuki, msikisie. Tafuteni picha safi ya bendera, muichapishe kwa sentimita 10 kwa 15, mchore miraba ya nusu sentimita juu yake. Mtapata miraba 20 kwa 30. Ukutani chora miraba ya sentimita 6 kwa chaki, 20 kwa 30 vilevile, kisha hamisha mchoro mraba kwa mraba. Ngao huvuka mkanda mwekundu na kuingia kwenye nyeusi na kijani, na mikuki myeupe hupishana nyuma yake. Ukiona ngao yako imetoshea ndani ya nyekundu pekee, ni ndogo mno.

Nyekundu hupauka kwanza juani karibu katika kila rangi ya bei nafuu. Nunua rangi ya nje, na ukiweza chagua ukuta usiopigwa na jua la alasiri. Msifanye kazi hii wakati wa mvua ya Machi hadi Mei. Na msiandike kaulimbiu ya shule juu ya bendera. Iwekeni chini yake, mbali kidogo.

Mbona sarafu za siku hizi hazina sura ya mtu? Wajukuu wangu hawajui hata rais yupi alikuwa kwenye shilingi.
*Mzee wa mtaa, Kakamega*

Shikamoo, mzee. Ni Katiba ya 2010, kifungu cha 231: noti na sarafu zinaweza kubeba picha zinazoiwakilisha Kenya, lakini si sura ya mtu binafsi. Sarafu mpya zilitoka Desemba 2018: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, ndovu kwenye 20. Noti zikafuata 2019, zote zikiwa na KICC, lile jengo la mikutano la Nairobi, na upande wa pili zikagawiwa mada: nishati, kilimo, huduma za jamii, utalii na utawala. Wapo waliokwenda mahakamani mwaka huohuo wakidai kwamba sanamu ya Mzee Kenyatta iliyo mbele ya jengo hilo ni sura ya mtu iliyopitishwa mlango wa nyuma. Maoni yetu ni kwamba wanyama ni chaguo salama kupita kiasi. Ni Kenya ya mtalii. Noti zenye kilimo na huduma za jamii zinamkaribia mwananchi zaidi.

Nasomea ubunifu wa mavazi. Kwa nini vazi la taifa la 2004 halikushika, ilhali bangili ya shanga za rangi za bendera iko kwenye kila mkono?
*Mwanafunzi, Maseno*

Lile la 2004 lilianzishwa kwa nia njema: shindano, wabunifu, udhamini wa kampuni ya sabuni, uzinduzi. Likabaki kwenye picha. Tukilitazama kama mafundi, sababu haziko mbali. Vazi lenye tabaka kadhaa hula kitambaa kingi na muda wa cherehani, na anayelivaa lazima awe na pahali pa kulivaa. Lililetwa likiwa limekamilika, bila nafasi ya fundi wa mtaani kupunguza hapa na kuongeza pale. Linganisha na kitenge: unanunua yadi 6, unampelekea fundi picha kwenye simu, naye anakata anavyojua. Kitenge hakikuzaliwa hapa, lakini kimekubali mikono ya hapa. Leso ni rahisi zaidi, kwani unazikata mbili, unapinda kingo, umemaliza.

Bangili ilishinda kwa sababu hizohizo. Ni ya bei ndogo, haina saizi ya kike wala ya kiume, huvaliwa na suti, sare ya kazi na jezi, na fundi wa Masai Market au wa kando ya barabara ya Nakuru huitengeneza kwa nyenzo za mfukoni. Tazama moja kwa karibu. Uwiano wa 6:1:6:1:6 ungehitaji safu 20 za shanga, na bangili hiyo ingekuwa pana mno. Mafundi hupunguza safu, kwa mfano ziwe 11: nyeusi 3, nyeupe 1, nyekundu 3, nyeupe 1, kijani 3. Kwa shanga za milimita 2, upana unakuwa karibu sentimita 2.2. Nyeupe imenenepa kuliko ilivyo kwenye bendera halisi, na bado hakuna anayeona kasoro. Ukutani tungekukataza, mkononi shanga ndiyo inayoamua.

Ukitaka kuzitengeneza, tumia uzi wa nailoni. Wa pamba hulowa jasho, huoza, na hukatwa na kingo za shanga. Jaribu shanga kabla ya kununua pakiti: sugua moja kwa pamba yenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ikiacha rangi, imepakwa juu tu na itageuka kijivu mkononi mwa mteja. Kioo chenye rangi hadi ndani hakiachi kitu. Mwisho wa kila safu rudisha uzi ndani ya shanga tatu au nne kabla ya kukata, kwa sababu fundo peke yake hufunguka.

Kila jiko la makaa ninalonunua soko la Kibuye, udongo wa ndani hupasuka kabla ya miezi mitatu. Na mwanangu anasema jiko hili ni la Kenya, jirani anasema lilitoka Thailand. Nani mkweli?
*Mama wa watoto wanne, Nyalenda, Kisumu*

Mama, wote wawili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mfano uliotazamwa ulikuwa jiko la ndoo la Thailand, ambalo lina udongo ndani kutoka juu hadi chini. Lilikuwa zito. Lililotokea hapa ni lile lenye kiuno: bati mbili zenye umbo la koni zimekutana katikati, udongo umewekwa nusu ya juu tu, na nusu ya chini imeachwa iwe ya majivu, hewa na kusimama imara. Chungu, yaani ule udongo wa ndani, kinafinyangwa na mfinyanzi, bati linakatwa na fundi wa jua kali, na kila mmoja anajua kazi yake tayari. Ndiyo maana lilienea, na ndiyo maana leo utaona ndugu zake Uganda, Rwanda na Ethiopia. Likitunzwa, hutumia makaa pungufu kwa asilimia 30 hadi 50 kuliko jiko la bati tupu. Hapo kwenu magharibi kuna na la kuni, Upesi, ambalo vikundi vya akina mama wafinyanzi karibu na Kisumu wamelitengeneza kwa miaka mingi. Chungu chake hakina bati, hujengewa kwa udongo papo hapo jikoni.

Sasa nyufa. Kwanza kagua unaponunua. Gonga udongo kwa ufunguo: uliochomwa vizuri hulia kwa sauti kali, uliochomwa nusu au wenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Angalia rangi pale penye mkwaruzo. Ikiwa ndani ni nyeusi na juu ni nyekundu, tanuri haikufika. Pitisha kidole kati ya udongo na bati uhakikishe saruji imejaa pande zote, maana pengo huuacha udongo ucheze.

Pili, siku ya kwanza usilijaze. Weka makaa robo, yawake polepole hadi yaishe, liache lipoe lenyewe. Siku ya pili weka nusu. Udongo huwa na unyevu uliobaki, na moto mkali wa ghafla huugeuza mvuke unaotafuta njia ya kutoka.

Tatu, usizime kwa maji. Toa makaa kwa koleo, yatie kwenye mkebe wenye kifuniko. Yatazimika kwa kukosa hewa na kesho utayatumia tena.

Nne, na hili tunashuku ndilo lako: ugali. Sufuria inatakiwa ikae juu ya vile vyuma vitatu vya kushikilia. Vikipinda au kung'oka, sufuria hukaa juu ya ukingo wa udongo, na ukisonga ugali wa watu sita nguvu yote ya mwiko hushuka hapo. Mpelekee fundi avinyooshe au aweke vipya. Ni kazi ndogo kuliko kununua jiko. Ufa mdogo unaweza kuuziba kwa sehemu mbili za udongo wa kichuguu na moja ya majivu yaliyochekechwa. Lowesha ufa kwanza, jaza, kausha kivulini siku mbili. Ufa ukifika kwenye sahani ya mashimo, badilisha chungu chote. Na mashimo hayo yazibuliwe kila asubuhi: yakiziba, makaa huwaka kwa shida na kutoa hewa ya sumu zaidi. Hata yakiwa wazi, usipikie chumba kilichofungwa.

Nachora matatu. Kila kazi nzuri lazima ikatwe na ule mstari wa manjano. Sheria inasemaje, na nifanyeje usiniharibie mchoro?
*Msanii, Nakuru*

Ndugu, kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ambazo wengi bado huziita sheria za Michuki kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano wa milimita 150 usiokatika kuzunguka gari. Nia ilikuwa polisi na abiria walitambue gari la abiria kwa mbali. Sasa mtoto akichora matatu daftarini, huweka mstari huo kabla ya magurudumu. Ndiyo alama ya gari letu, upende usipende.

Kwa hiyo usiuchore mwisho. Upime kwanza, uufunge tepu, kisha panga sura na maandishi yako juu na chini yake. Mchoro unaokatwa usoni na manjano ni mchoro uliopangwa kana kwamba mstari haupo. Ukitaka, chora kitu kinachosimama juu ya mstari kama juu ya barabara. Huo ni ujanja halali. Usiupinde wala kuuandikia kitu.

Manjano ni rangi dhaifu ya kufunika. Juu ya bluu au nyeusi utapaka mikono mitano na bado itaonekana ya kijani. Weka nyeupe chini kwanza, kisha manjano mikono miwili. Ukitumia stika, safisha bati kwa spiriti, nyunyiza maji yenye sabuni kidogo, bandika ukisukuma maji kutoka katikati kwenda nje. Usiivute ili ifike pembeni, kwa sababu ikipigwa na jua itarudi ilikotoka na kuacha pengo. Mlangoni ndipo hubanduka mapema, hasa ule wa makanga unaofunguliwa mchana kutwa. Kata stika milimita 2 kabla ya ukingo, na upake varnishi nyembamba kwenye mkato.