Re: Mayai yamepungua msimu huu wa baridi, nizibe banda lote?

Mkuu, umeuliza kama uzibe madirisha yote ya banda la kuku kwa turubai na kuwasha jiko la mkaa usiku, maana huko Makete umande umeanza kuganda kwenye nyasi na mayai yamepungua.

Jiko achana nalo kabisa. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, inaua banda zima usiku mmoja, na maranda yaliyotandikwa chini yakishika moto ndiyo basi tena.

Turubai weka upande unaopiga upepo tu, na usawa wa kuku. Juu karibu na bati acha wazi. Kuku mkubwa baridi kavu anaimudu, kinachomwangusha ni unyevunyevu. Ingia bandani alfajiri: ukikuta matone yananing'inia kwenye bati na macho yanakuwasha kwa amonia, ile hewa kali ya kinyesi, hewa haitoki. Toa maranda yaliyoloa, hasa chini ya vinywesheo, weka makavu.

Asubuhi wape maji ya uvuguvugu, kuku asiyekunywa hatagi. Mahindi yaliyoparazwa ni jioni, tena kidogo, wasije wakasusa chakula cha kutagia.

Vifaranga ni habari nyingine, hao joto lazima. Kuku wako ni wa kienyeji au wa kisasa?