Trela Bila Filamu: Maswali Yenu kuhusu Mradi wa Mwisho

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanafunzi walio katikati ya kazi moja: kutengeneza trela ya filamu, bango lake na jalada la jarida la kuitangaza, kisha kuandika tathmini. Tumechagua maswali manne yaliyojirudia.

Tuko wanne na tumepewa kazi ya kutengeneza trela ya dakika moja na nusu ya filamu ambayo haipo. Tuanzie wapi, na tupige shoti (vipande vya video vinavyopigwa bila kukatizwa) ngapi?

Anzeni na filamu yenyewe, hata kama haitapigwa kamwe. Andikeni muhtasari wa ukurasa mmoja: nani anataka nini, kinachomzuia ni nini, mambo yanaharibika wapi na yanaishaje. Kundi linaloruka hatua hii hurudi na shoti nzuri zisizoungana. Msichana anakimbia, mlango unafungwa, simu inaita, na hakuna ajuaye kwa nini. Mtazamaji huhisi mara moja kwamba nyuma ya picha hizo hakuna kitu.

Kisha ukamueni ukurasa huo ubaki sentensi moja. Tuchukue mfano huu: "Muuguzi wa zamu ya usiku anagundua kwamba mgonjwa wa kitanda namba 9 hayumo kwenye orodha yoyote ya hospitali." Hiyo ndiyo ahadi mnayompa mtazamaji, na kila shoti, kila neno la bango na kila picha ya jalada itapimwa kwayo. Shoti isiyoisaidia itoke, hata kama iliwagharimu asubuhi nzima.

Hesabu sasa. Sekunde 90 kwa wastani wa sekunde 2 kila shoti ni shoti 45. Ila wastani huo unaficha jambo: mwanzoni shoti hukaa sekunde 3 hadi 5 ili mtu ajue yuko wapi na yuko na nani, na kuelekea mwisho zinapishana chini ya sekunde moja. Kwa hiyo pangeni kama 55 na mpige 70, kwa sababu nyingine zitaharibika kwa fokasi, nyingine mtu atakuwa ametupia jicho kamera, na nyingine zitakataa tu kukaa kando ya wenzake.

Mgawanyo unaofanya kazi vizuri ni huu. Sekunde 20 za kwanza ni maisha ya kawaida: muuguzi anavaa koti, anapokea zamu, anazunguka wodini. Karibu na sekunde ya 20 linatokea jambo moja linalogoma kuelezeka. Kutoka hapo hadi sekunde ya 60 shinikizo linapanda. Sekunde 20 zinazofuata ni mfululizo wa haraka, kisha kimya cha ghafla, jina la filamu, na shoti moja ya mwisho inayoacha swali. Msichukue chochote kutoka theluthi ya mwisho ya hadithi. Ukionyesha muuguzi akimfunua mgonjwa uso, umemaliza kazi ya filamu nzima.

Kwenye stoaribodi, yaani michoro ya shoti zote kwa mpangilio, chini ya kila kisanduku andikeni ukubwa wa shoti, nani yumo, sauti gani inasikika na itadumu sekunde ngapi. Mkimaliza kuchora, kateni visanduku hivyo na mvipange upya kwa mahali pa kupigia. Shoti zote za korido zipigwe pamoja, hata kama moja ni ya sekunde ya 4 na nyingine ya sekunde ya 78.

Muziki uchagueni kabla ya kupiga picha, na mtazame kasi yake. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika, kwenye video ya fremu 25 (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde, una fremu 15 kamili kati ya pigo na pigo, kwa hiyo kila mkato unakaa juu ya pigo. Kwa mapigo 120 inakuwa fremu 12 na nusu. Nusu ya fremu haikatwi, hivyo itabidi mkate 12, kisha 13, kisha 12. Msipojua hilo, mtashangaa kwa nini mikato inazidi kuachana na muziki. Kama kamera yenu inapiga fremu 24, mapigo 120 yanakaa sawasawa: fremu 12 kila pigo. Kasi hiyo ya fremu iwe moja kwenye kamera zote na kwenye programu ya kuhariri.

Kwenye kompyuta trela yetu inasikika vizuri, lakini kila aliyeitazama kwa simu alisema hasikii maneno. Tatizo liko wapi?

Liko sehemu mbili. Kwanza, maneno yalirekodiwa kwa mbali. Maikrofoni iliyo juu ya kamera, mita 3 kutoka kwa mwigizaji, huokota chumba kabla haijamwokota mtu, na hakuna programu itakayokirudisha hicho kilichopotea. Sogeza maikrofoni hadi sentimita 30 au 40 kutoka mdomoni, nje kidogo ya fremu. Hata simu ya pili inayorekodi sauti ndani ya mfuko wa shati ni bora kuliko maikrofoni ya mbali. Piga kofi moja mbele ya kamera ili baadaye upate pa kuoanisha picha na sauti. Kabla hamjaondoka, nyamazeni wote mrekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba hicho, maana ndio utakaoziba mapengo kati ya sentensi moja na nyingine.

Pili, muziki haukushushwa. Mtu anaposema, ushusheni kwa desibeli 12 hadi 15, uanze kushuka kidogo kabla ya neno la kwanza. Kilele cha sauti zote zikijumlishwa kisizidi desibeli -6 kwenye kipimo cha programu mkiwa bado mnahariri. Kumbukeni pia kwamba spika ndogo ya simu haitoi besi. Ule mngurumo mzito mnaoutegemea kutisha watu unatoweka kabisa, na vitisho vyenu vinabaki picha tupu. Uongezeeni sauti ya juu kidogo, kama mkwaruzo wa chuma au pumzi ya mtu, ili tukio lisikike popote.

Bango letu limetoka na ukungu, na mwalimu anasema bango, jalada na trela ni kama vya filamu tatu tofauti.

Ukungu umetoka kwenye kuchukua fremu ya video. Fremu ya video ya kawaida ina pikseli 1920 kwa 1080. Ukiichapa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi unapata picha ya takriban sentimita 16 kwa 9, yaani ukubwa wa kadi kubwa ya salamu. Bango la A3 linataka pikseli 3508 kwa 4961. Isitoshe fremu ya video imelala na bango limesimama, hivyo unaikata tena na kubakiza kipande kidogo. Tengeni saa moja siku ya kupiga, mavazi na taa vikiwa bado mahali pake, mpige picha za mnato zilizosimama kwa ajili ya bango na jalada. Acheni nafasi tupu juu ya kichwa na chini ya kifua: maandishi yatakaa hapo.

Mkipeleka kuchapa, ongezeni milimita 3 kila upande ili kisu kisiache mstari mweupe, na geuzeni rangi kutoka RGB (mfumo wa rangi wa skrini) kwenda CMYK (mfumo wa wino wa kuchapia) mapema. Bluu na kijani kali za kwenye skrini hupoa zikigeuzwa, na ni afadhali muone hilo mapema kuliko kwenye karatasi.

Kuhusu kufanana, chagueni vitu vitatu visivyobadilika: herufi za jina la filamu, rangi mbili, na kitu kimoja. Katika mfano wetu kitu hicho ni kibao cha namba 9 kinachoning'inia kitandani. Kionekane kwenye trela, kiwe kitovu cha bango, na kwenye jalada kiwe mkononi mwa mwigizaji. Kazi zenyewe lakini zibaki tofauti. Bango linauza hadithi, kwa hiyo mtu aweza kugeuza uso au kuwa kivuli. Jalada linauza jarida na mwigizaji, hivyo yeye humtazama msomaji machoni, jina la jarida likae juu, na pawepo tarehe, bei, msimbo pau na vichwa vya habari nyingine. Jalada lisilo na habari nyingine yoyote ni bango lililovaa jina la jarida, na ndilo kosa tunaloliona zaidi.

Tathmini yangu imerudishwa na maneno "unasimulia, hutathmini". Nilieleza kila tulichofanya. Kilichokosekana ni nini? Halafu, wimbo tulioutoa kwenye intaneti unatosha kuandikiwa jina la mwenyewe?

Kilichokosekana ni ushahidi kwamba uamuzi ulifanya kazi, au haukufanya. "Tulitumia mwanga hafifu kuleta hofu" ni simulizi. Linganisha na aya hii ya kubuni: "Katika toleo la pili, watazamaji 6 kati ya 10 walidhani muuguzi ndiye mzimu, kwa sababu kwenye sekunde ya 31 taa ilimwangaza kutoka chini. Tuliibadilisha shoti hiyo kwa ile ya ubavuni, na katika toleo la tatu aliyekosea ni mmoja." Hapo kuna nia, kasoro, sababu, marekebisho na matokeo.

Ili uweze kuandika hivyo, hifadhi kila toleo kwa namba yake, usifute la zamani. Tafuta watu 8 hadi 10 wasiojua hadithi, waonyeshe mara moja tu, kisha usiwaulize kama wamependa, maana watakupendezesha. Uliza: filamu inahusu nini? Nani mhusika mkuu? Ni ya aina gani? Ni wapi ulipotea? Majibu yao yaweke kando ya ile sentensi ya kwanza. Bango na jalada vipunguze hadi upana wa kidole gumba kwenye skrini. Jina lisiposomeka, andika hivyo na ueleze ulilibadilishaje.

Wimbo: kumtaja mwenyewe si ruhusa. Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na mara nyingi wenyewe ni watu wawili tofauti. Tafuta wimbo wenye leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi ambayo mwenye kazi huitoa kwa masharti, lakini ukiona herufi ND (hairuhusiwi kubadilisha) uache, kwa sababu leseni hizo huhesabu kuoanisha muziki na picha jongefu kuwa ni kuubadilisha. NC (si kwa biashara) inakubalika mradi hamuuzi. Hifadhi nakala ya ukurasa wa leseni siku hiyohiyo unayopakua, pamoja na tarehe, kwani ukurasa huo waweza kuondolewa kabla hamjakabidhi kazi.