Asteroidi: Mbona Hatari Ilipanda, Kisha Ikatoweka?

Swali: Mapema 2025 tulitangaziwa kwamba asteroidi 2024 YR4, yaani jiwe la angani linalozunguka Jua, huenda ikaigonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032. Uwezekano ukapanda hadi asilimia 3.1, halafu ghafla tukaambiwa tusiwe na wasiwasi. Je, wataalamu walikosea hesabu, au kuna jambo wanaficha?

Jibu: Hawakukosea, wala hakuna kilichofichwa. Asteroidi ikigunduliwa leo, darubini huwa zimeona kipande kifupi tu cha njia yake, na kosa dogo la kipimo hukua mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana hesabu haitoi nukta moja. Hutoa ukanda mrefu wa mahali inapoweza kupita siku ile, na asilimia mnayotangaziwa hutegemea sehemu ya ukanda huo inayoangukia Dunia. Vipimo vipya huufupisha ukanda, lakini Dunia ni ileile. Maadamu bado imo ndani, sehemu yake huongezeka na asilimia hupanda. Ukanda ukizidi kufupika hadi Dunia ikabaki nje, asilimia huporomoka. Ile 3.1 ilitolewa 18 Februari 2025. Siku chache baadaye ilikaribia sifuri. Kwa hiyo asilimia ikipanda katika wiki za mwanzo, subirini vipimo zaidi kabla ya kusambaza taharuki.

Swali: Na Apophis, ile asteroidi nyingine itakayopita karibu na Dunia mwaka 2029?

Jibu: Itapita tarehe 13 Aprili, takriban kilomita 32,000 juu ya uso wa Dunia, karibu kuliko setilaiti za matangazo ya televisheni. Vipimo vya rada vya 2021 viliondoa hofu ya kugongwa kwa angalau miaka 100. Walio upande wa usiku, ikiwemo sehemu kubwa ya Afrika, wataiona kwa macho matupu kama nyota inayosogea.

Swali: Kuna linalotuhusu sisi raia wa kawaida?

Jibu: Lipo, nalo halisemwi vya kutosha. Jiwe lililolipuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013 lilikuwa na upana wa mita 20 hivi. Lilitokea upande wa Jua, hivyo darubini hazikuliona. Watu wapatao 1,500 waliumia, wengi kwa vioo: mwanga mkali ulitangulia, watu wakakimbilia madirishani kutazama, na wimbi la mshindo likafika zaidi ya dakika moja baadaye. Ukiona mmweko wa namna hiyo, ondoka dirishani mara moja, jikinge nyuma ya ukuta imara, funika macho, na ubaki hapo dakika kadhaa, kwani mshindo unaweza kurudia.