Picha imetulia, jicho ndo halitulii

*"Nimetumiwa picha WhatsApp, miduara kama nyoka waliojikunja, inazunguka. Nimezima data bado inazunguka, hii si video?"* (Arua)

Hapana ssebo, ni picha ya kawaida kabisa. Aliichora Akiyoshi Kitaoka, profesa wa saikolojia kule Japani, mwaka 2003. Angalia rangi zake: nyeusi, bluu, nyeupe, njano, halafu tena nyeusi, hivohivo mpaka duara linafunga. Wengi wanadhani rangi ndo zinafanya kazi, kumbe ni giza na mwanga, mi niliipeleka Wandegeya, hapo Kampala, nikatoa kopi ya nyeusi na nyeupe, karatasi bado ya moto mkononi, na nyoka wanazunguka tu. Jicho hata ukilikaza linarukaruka kidogo kidogo, tena unapepesa, na kila likiruka ni kama picha inaanza upya, sasa ubongo unawahi kusoma pale weusi na weupe vimeachana sana, kwenye rangi hafifu unachelewa, basi hiyo tofauti ya muda unaihesabu kuwa ni mwendo. Kodolea nukta moja katikati ya duara, usipepese, hesabu mpaka kumi. Wanapunguza mwendo, wanasimama. Sogeza jicho tu, hao wameanza!

*"Mke wangu anaona hizo picha za nyoka zinazunguka, mi sioni kitu. Macho yangu ni mabovu?"* (Jinja)

Usiogope. Watafiti Fraser na Wilcox walioandika juu ya michoro ya aina hii mwaka 1979 walikuta si kila mtu anaona. Ongeza mwanga wa simu, halafu usiikazie, soma kitu pembeni yake. Ila kama unaona mawimbi hata kwenye ukuta mtupu nenda kwa daktari wa macho, hiyo usingoje.

*"Nilitazama maporomoko ya Sipi muda mrefu, kugeukia mwamba nikaona unapanda juu. Mzee wetu anasema ni mizimu."* (Mbale)

Mzee nampa heshima yake, lakini hili lipo kila penye maji yanayoanguka. Robert Addams alilieleza mwaka 1834 baada ya kutazama maporomoko ya Foyers, Uskoti. Hapa sababu ni nyingine: seli za ubongo zinazoshughulikia kitu kinachoshuka zimechoka kwa kutazama maji, zile za kinachopanda bado zina nguvu, ukigeukia mwamba hizo ndo zinasikika zaidi. Nimelijaribu palepale Sipi, kama dakika moja hivi, na kilichonishangaza ni jani moja kwenye mwamba: nililiona linapanda, linapanda, na bado liko palepale.