Barua kwa mwanangu: ile fimbo unataka kukata

Mwanangu,

Ile mesaji yako ya juzi nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimevaa miwani. Unaniuliza kama unaweza kukata fimbo yangu ya snuka, ule mchezo wa kugonga mipira juu ya meza, uikate kwa nyuma, sentimeta 15 ao 20 ivi, ju mutoto wako ameanza kucheza kule Kitwe, Zambia, na fimbo za klabu zote zinamushinda urefu. Kukata inawezekana, siwezi kukudanganya. Sheria inataka fimbo isipungue sentimeta 91 na kitu, yangu iko na 142, nafasi iko. Na mutu anakata paka nyuma, mbele hapana, ju kule mbele inaenda inapunguka mpaka milimita 9 ao 10 pale ngozi ya kugonga mupira inakaa, ukigusa pale umeiua. Lakini nyuma msumeno wako utakutana na risasi, ile madini nzito. Mule ndani kuko kipande cha risasi cha kuleta uzito, najua ju nilikua nimesimama pale wakati kinaingia.

Unajua kambo yako, baba yangu, alikua anachunga meza za snuka kwenye klabu ya wachimbaji kule Kitwe, mbele turudi Lubum, hapa Lubumbashi. Ile habari ya kupiga burashi kitambaa toka upande wa ile nusu-duara imechorwa juu ya meza kwenda upande wa mupira mweusi, ju manyoya yake yanalalia kule, alafu kupitisha pasi, mmeisikia mpaka mmechoka. Mimi nilikua namusaidia asubuhi na njo asubuhi ile nilikua nacheza, mbele wakubwa wafike. Wakifika, mutoto mwanamuke anatoka. Sasa tulipokua tunarudi, klabu ikamupatia kambo fimbo moja ndefu imevunjika, zile za kufikia mipira ya mbali, muti wake ni ule wa Ulaya wanaita eshi, mweupe wenye mistari. Watu wote kwenye basi wanabeba masafuria na magodoro, kambo anabeba muti umevunjika. Mama alikasirika mpaka Kasumbalesa, kule kwenye mpaka.

Kambo akaupeleka kwa muzee mmoja seremala kule Katuba, mutu wa milango na masanduku ya maiti, hajawahi kutengeneza fimbo hata moja. Akamuachia na fimbo ya zamani aitazame. Wiki nzima muzee hakugusa kitu, anatazama tu. Alafu akaniita. Mimi, si kambo. Akanisimamisha bila viatu juu ya sakafu ya karakana, akaweka muti pembeni yangu, akapima toka chini mpaka kwapani, akatia alama na kalamu ya risasi aliyokua nayo nyuma ya sikio. Nilikua na miaka 16 na hakuna mutu alikua amenipima kitu, hata nguo za shule nilikua navaa za yaya, dada yangu mukubwa.

Vile alivyounga sitasahau. Alipiga randa pande nne za ule muti mweupe mpaka zikalala bapa, akabandika vipande vinne vya mulombwa na gundi, akafunga na mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, akaacha siku tatu. Mulombwa unaujua, ukikatwa mubichi unatoa utomvu kama damu. Siku ya nne akaanza kupiga randa ndogo, anazungusha kidogo, anapiga, anazungusha, na hapo njo nikaona ncha nne nyekundu zinapanda ndani ya mweupe, polepole, kama mutu anazichora. Nililia mwanangu, nakuambia kweli. Kule nyuma kabisa akaacha upande mumoja bapa, mukono ujue umeshika vizuri bila kutazama. Na ile pete ya mbele, wengine wanaweka ya shaba ya njano, yeye akakata ya shaba yetu nyekundu toka kwenye bomba la maji. Muzee alikua anasema muti unakumbuka. Mulango ukiutundika vibaya siku ya kwanza, miaka 20 utakua unalia. Nimeishi na ile maneno na sijaona mahali imekosea.

Mupira wa kwanza niliupiga kwenye meza ya yule Mgiriki aliyekua anamupatia kambo kazi ya kumuangalilia kitambaa. Ule mweusi, toka pale pake, kona ya kushoto. Sauti yake ilikua ingine kabisa, nzito, fupi. Kambo hakusema kitu, akapanga ule mupira tena pale pale.

Sasa hii inayofuata unaijua kwa mudomo wa mjomba wako, Mungu amurehemu, lakini kwa mudomo wangu hapana. Alikopa fimbo bila kuniuliza, akaiegemeza nyuma ya mulango, akaisahau pale mvua yote, toka Novemba mpaka Machi. Nilipoichukua niliizungusha juu ya meza nikaona kichwa kinaruka. Imepinda. Alisema ni muti tu. Nilikaa miezi siongei naye, alafu nikaongea ju ni kaka yangu, lakini ile "ni muti tu" bado iko hapa kwenye kifua, na amekufa na sijamuambia. Muzee wa Katuba akakataa kuinyoosha. Akanionyesha ile mistari ya eshi, inatengeneza mishale midogo juu ya fimbo, akasema geuza mishale itazame juu, kila mara. Ukigeuza ivo, ule upindo unalala wima, hauvuti kushoto wala kulia, na mupira unaenda sawa. Toka siku ile fimbo inapiga sawa kwa mutu anayejua tu. Je, mutoto wako ulimuonyesha mishale?

Najua utaniambia fimbo si kitu. Hata mimi najiambia. Stephen Hendry alichukua ubingwa wa dunia mara 7 na fimbo ya bei rahisi aliyonunuliwa akiwa kijana, na 2003 ikavunjika kwenye safari ya ndege, na akatafuta ingine akaendelea kucheza. Kwa hiyo nani mimi wa kukatalia mutoto kipande cha muti? Na ikikaa juu ya kabati kwako miaka ingine 10 itafaidia nani? Lakini Hendry fimbo yake hakupimiwa bila viatu. Na ukiikata, ule uzito wa nyuma unatoka, upande bapa unatoka, ncha za mulombwa zinabaki na kitako kifupi... Nilikua nataka kuandika hapana. Nimeiandika na nimeifuta. Ndiyo pia nimeifuta.

Mulete mutoto likizo ya Agosti. Asimame hapa kwenye baraza bila viatu, nimupime mwenyewe mpaka kwapani, njo tuone. Na hapo katikati uilaze chini ya kitanda, mwanangu, ilale. Usiiegemeze fasi yoyote.

Mama yako