Wadogo zangu wa mlimani, kichwa kikiuma semeni

Masika yamekwisha, mageti yamejaa tena, na kila nikipita geti la Machame hapa Kilimanjaro nawaona: vijana wapya, shingo bado laini, jinzi zimebana, raba za kutembelea mjini, na mfukoni kila mmoja ana karatasi ya Panadol. Nawapenda sana. Nami niliingia hivyo hivyo, nikibeba ndoo za mpishi kabla sijajua kambi ya Barranco iko upande gani wa mlima. Lakini safari hii uvumilivu umeniishia. Majuzi pale kambi ya Karanga nimemkuta mmoja wenu amejikunja nyuma ya jiwe anatapika, na wenzake wawili wamesimama mbele yake kumkinga asionwe na mkuu wa msafara. Waliamini kabisa kwamba wanamsaidia. Nimewaandikia ninyi wote, wagumu wapya (ndivyo tunavyojiita wapagazi) na mlioanza kupewa kazi ya kiongozi msaidizi.

1. Nguo. Jinzi ikilowa kwenye msitu wa Machame haitakauka mpaka mnashuka geti la Mweka, na kule juu nguo mbichi inaua. Pita Soko la Memorial, tafuta sufu na suruali nyepesi inayokauka haraka. Kama mfuko umetoboka, KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, pale Moshi wanaazima wagumu makoti, buti na suruali bila malipo, na kazi hiyo ndiyo waliyoanzishiwa. Soksi za kulalia ziweke kwenye mfuko usiopitisha maji na zisitoke humo mpaka uko ndani ya hema.

2. Mzigo. Mwisho ni kilo 20, na ile mizani ya getini imewekwa kwa ajili yako. Mtu akikwambia "nishikie na hiki kidogo" baada ya kupita mizani, mwambie mrudi wote mkapime. Najua hamtarudi, mnaogopa kuonekana wajuaji. Basi angalau mwambieni kiongozi. Ngata iwe nene, mzigo ukae utosini, macho yatazame hatua tatu mbele. Mzee aliyenifundisha kubeba alikuwa akiniwekea jiwe dogo juu ya ngata na kuniamuru nitembee nalo toka nyumbani kwake mpaka barabarani bila kulidondosha. Jioni nzima tunacheza na jiwe, watoto wake wanacheka. Shingo yangu mpaka leo nzima.

3. Mbio. Mgeni, yaani mtalii, tunamwimbia polepole kutwa nzima, halafu sisi wenyewe tunampita kwa kasi tukiwahi nafasi nzuri ya kupiga hema. Nafasi lazima iwahiwe, sikatai. Ila mjue jambo moja ambalo hakuna anayewaeleza getini. Mgeni wa njia ya Machame akitoka kambi ya Shira anapandishwa mpaka mwamba wa Lava Tower, zaidi ya mita 4,600, ndipo ashushwe kulala Barranco kwenye mita 3,900 na ushee. Mwili wake unaonjeshwa juu, unalala chini. Wewe na mzigo wako mnapita njia ya chini ya wagumu, mnakwenda moja kwa moja Barranco. Hukuonja urefu ule. Kesho kutwa mnakutana Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, mgeni mwili wake umeandaliwa, wako haujaandaliwa.

Na msinipe ile hadithi ya "mimi mtoto wa hapa hapa". Moshi iko chini ya mita 1,000. Kuuona mlima wa Kibo kutoka dirishani hakukupi damu ya Kibo. Mwili hujizoesha juu kwa siku kadhaa na husahau ndani ya wiki chache, kwa hiyo hata mgumu wa siku nyingi akikaa masika yote nyumbani, Juni anapanda akiwa mgeni tena.

4. Kichwa. Hapa naomba mtulie.

Nilikuwa nimepandishwa kuwa kiongozi msaidizi karibuni tu. Kwenye msafara ule alikuwamo rafiki yangu, tulianza wote kubeba ndoo, tumelala hema moja misimu mingi. Jioni ya Shira ugali ulipoletwa akasogeza sahani. Nikamfuata nje. Akaniambia kichwa kinamgonga tangu mchana, kidogo tu, na akanishika mkono: "Kaka, kausha. Mkuu akijua atanishusha, na shule zinafunguliwa, sijalipa ada." Nilimjua mwanawe. Nikafungua sanduku la dawa, nikampa vidonge viwili vya maumivu, nikamwambia nitamwangalia mwenyewe. Nilijiona ndugu wa kweli usiku ule.

Kesho yake Barranco akalala vizuri, asubuhi akanywa chai, akanicheka kwa kuwa na wasiwasi. Nikamwamini. Sikufikiri kwamba Barranco ni chini kuliko tulikopita, na kwamba dawa ya maumivu huziba kichwa mdomo huku ugonjwa ukiendelea na safari yake. Ukuta wa Barranco akaupanda na mzigo. Karanga, walipotafutwa watu wa kubeba maji, akajitolea, maana mnajua Barafu hakuna maji, kila tone linatoka bonde la Karanga. Sikumzuia. Ningemzuia ningeulizwa sababu.

Jioni ya Barafu, upepo mkali, wageni wanalazwa mapema kwa ajili ya kilele, nikamkuta nje ya hema la chakula amepiga magoti akihangaika na kamba. Fundo la kawaida tunalolifunga gizani tukiwa nusu usingizini. Vidole vinalizunguka tu. Nikamwita, akanitazama, akanijibu kwa jina la kaka yake. Nikamsimamisha, nikamwambia atembee kwa kugusisha kisigino na kidole, hatua kwa hatua kwenye mstari. Hatua ya pili akaanguka upande.

Nilijua kile ni nini. Nilishafundishwa: ubongo umeanza kuvimba. Na bado nilisimama pale. Nilikuwa napanga maneno, nimwambieje mkuu wa msafara bila ijulikane kwamba nimejua tangu Shira. Mwenzangu yuko chini kwenye mawe, mimi natunga sentensi. Hiyo ndiyo sehemu isiyonitoka moyoni mpaka leo, zaidi hata ya vile vidonge.

Mkuu hakunigombeza. Alimtazama mara moja, akaagiza deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, akachukua mtungi mmoja kati ya miwili ya oksijeni iliyokuwa kwa ajili ya wageni, akawachagua wanne wenye miguu mizuri, nami nikiwamo, tukateremka na machela usiku ule ule kwa njia ya Mweka. Ile njia mnaijua mchana ilivyo, mawe yanayoteleza na ngazi zisizoisha. Ibebe usiku na mtu anayekuuliza kila baada ya kona kama ng'ombe wameingia zizini. Tulipofika kambi ya Millennium alianza kujibu anachoulizwa. Tukaendelea mpaka kambi ya Mweka, kwenye mita 3,100 hivi. Kulipopambazuka akaomba chai yenye sukari nyingi, nikaenda kulia nyuma ya vyoo.

Alipona. Hakurudi tena mlimani, akashika shamba, na hajawahi kunilaumu hata kwa utani. Aliyeniuliza ni mkewe. Nilikwenda kumjulia hali mgonjwa, akanikaribisha, akanipa ndizi, akasubiri mume atoke nje, kisha akauliza kwa upole: "Shemeji, ulijua lini?" Nikamwambia Shira. Akanyamaza, akaendelea kupakua.

Sasa sikilizeni utaratibu. Kichwa kikiuma mlimani, kichukulieni ni mwinuko mpaka ithibitike vingine. Kunywa maji, kula, pumzika, mwambie kiongozi saa hiyo hiyo. Kisipotulia, au kichefuchefu kikaongezeka, hupandi kambi inayofuata. Ukimwona mwenzako anayumba, anachanganya majina, anashindwa na fundo, anashushwa sasa hivi, iwe usiku, iwe mvua. Anayehema kama amekimbia ilhali amekaa, anakohoa na kifua kinachemka, naye hivyo hivyo, hayo ni maji mapafuni. Dawa na oksijeni zinamnunulia muda wa kushuka. Tiba yenyewe ni kushuka.

Na kuna jambo linaniuma katika kazi yetu. Asubuhi na jioni mgeni anaingizwa kidole kwenye kipimo cha oksijeni, anaulizwa umelalaje, umekula, kichwa vipi, kila kitu kinaandikwa daftarini. Mgumu aliyelala hema la pili haulizwi na mtu. Hilo viongozi tunapaswa kulibeba sisi. Lakini mpaka litakapobadilika kila mahali, ulizaneni ninyi kwa ninyi. Mkilala kumi hemani, kila asubuhi kabla ya uji mmoja awaulize tisa. Jibu la "niko poa" lisikubaliwe. Aseme amekula nini jana na kama amekojoa.

5. Chakula. Kula ugali hata kama hauutaki, na chumvi usiikimbie. Sigara na pombe acheni mjini.

6. Wageni, kwa wasaidizi wapya. Namba ya kipimo cha kidoleni isikulaze usingizi. Vidole vya baridi na rangi ya kucha hudanganya kipimo, na nimeona mtu mwenye namba nzuri akitapika ngazini. Tazama miguu, na msikilize yule aliyekuwa mzungumzaji akianza kunyamaza. Mgeni aliyelipa pesa nyingi atakuficha vile vile anavyokuficha mgumu anayedaiwa ada, wote wanaogopa kushushwa. Muulize huku mnatembea, muulize kuhusu watoto wake, kazi yake, na usikilize kama majibu yana mpangilio. Chupa ya maji usiku wa kilele ikae kichwa chini miguu juu, kwa sababu maji huanza kuganda juu. Mpira wa kunyonyea maji utaganda, mwonye mapema asiutegemee.

7. Mnaobaki kambini usiku wa kilele. Vijana wengi mnaona kubaki kambi ya Barafu au ya Kibo ni kuachwa nyuma. Mwaka 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipokwenda kilele kwa mara ya kwanza, walikuwa na Mwini Amani wa Pangani aliyekaa nao kambi ya juu kwenye baridi ile. Bila mtu wa kukaa kambini hakuna kilele. Kwa hiyo msilale wote. Mmoja awe macho, maji yawe ya moto, machela ijulikane iko wapi na njia ya kuifikia isizibwe na mizigo, redio iwe na chaji na betri ya akiba ilale ndani ya nguo zako. Taa zikionekana zinashuka kabla ya wakati, usisubiri zifike. Nenda kuzipokea na chai. Mara nyingi huwa ni msaidizi mmoja amemshika mgeni kwapani na nguvu zimemwishia, na mikono miwili mipya dakika ishirini juu ya kambi ina thamani kuliko kumi inayongoja chini.

8. Taka. Zitapimwa. Usizike kitu.

9. Pesa, kwa sababu ndizo zinazofunga watu midomo. Rafiki yangu hakuwa mjinga, alikuwa na ada ya mtoto. Na huyu wa Karanga majuzi, nilipomkalisha, aliniambia maneno yale yale, ila yeye ni kodi ya chumba. Kwa hiyo getini, kabla mizigo haijapanda vichwani, muulizeni mkuu wa msafara, wote kwa pamoja, siyo mmoja mmoja: mtu akishushwa kwa ugonjwa analipwa siku ngapi, na mgao wake wa tipu unakuwaje? Akikasirika, mmeshajua mnapanda na nani. Tipu nazo ombeni zitajwe mbele ya wote, mgeni akiwepo. Ninapoongoza mimi nalisema hili bila kuulizwa: aliyeshushwa mgonjwa anapata siku zake zote na mgao wake kamili, na aliyemsindikiza anapata kama aliyefika kilele. Nilipoanza kulisema wapo walionionya kwamba kila mvivu atajidai mgonjwa. Wanaokuja kwangu jioni ya Shira kusema kichwa kinauma wameongezeka, ndiyo. Wengi wao wanakunywa maji, wanalala, asubuhi wanabeba. Wachache wanashuka kwa miguu yao wenyewe, mchana, na sahani ya ugali tumboni.